Baridi inasingiziwa: kuhusu pikipiki na trisikili zinazokatala kuwaka asubuhi

Ndugu wanachama, kuko sentensi moja ambayo tunaisikia karibu katika kila koperative ya milimani, kuanzia Lubero mpaka juu ya Masisi, na sasa imetuchosha masikio: "Ni baridi, agronomu. Mtambo unakatala juu ya baridi." Saa kumi na mbili bado haijatimia, umande uko kwenye majani, vidumu vya maziwa vimepangwa chini, wamama wamejifunga vitenge mabegani wanangoja. Trisikili ya koperative inapigwa kiki mara thelathini, mara arobaini. Inakohoa, inanyamaza. Ikifika saa tatu, jua likiwa limepanda, kiki tatu tu, inawaka. Basi kila mtu anasema: mmeona? Ilikuwa baridi.

Sisi hatukubali. Na tunaomba leo mtuvumilie tuongee juu ya motere badala ya viazi na maharagi, kwa sababu kilo za viazi zinazolala kando ya barabara na lita za maziwa zinazogeuka haziozi juu ya ugonjwa wa shambani. Zinaoza juu ya kitu kidogo ambacho kingetengenezwa kwa dakika kumi.

Kwanza tuulize: baridi yetu ni baridi gani? Ikweta inapita kusini kidogo tu ya Butembo. Kinachotuletea ubaridi ni urefu wa milima. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapungua joto karibu digrii 6. Wavuvi wa Vitshumbi, kwenye ziwa Edouard lililo mita 900 na kitu, wanatoka jasho. Ndugu zao wa juu, kwenye mita 2,000 na zaidi, wanaota moto. Wakati wa kipwa, mwezi wa sita na wa saba, usiku mbingu ikiwa wazi, alfajiri kwenye vilima vyetu inaweza kushuka hadi chini ya digrii 10. Kwa mtu aliyelala bila blanketi hiyo ni baridi kali. Kwa esanse, hapana. Esanse safi inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye ubaridi wa digrii nyingi sana chini ya sifuri. Kule Kanada watu wanaendesha mashine za magurudumu manne kwenye theluji, na mashine hizo zinawaka. Motere nzima, iliyokula esanse nzuri, haina ruhusa ya kukatala kwenye digrii 8.

Kwa hiyo kazi ya baridi ni kuumbua tu. Mchana, motere yenye ugonjwa inajificha nyuma ya joto. Alfajiri haina pa kujificha. Mnakumbuka ugonjwa wa wilt wa migomba, ulipoonekana Masisi mwaka 2001 na kuanza kutembea? Watu walisema ni jua, ni mvua, ni udongo umechoka. Wakati huo kisu kilikuwa kinatoka mgomba huu kinaingia mgomba ule, kinabeba ugonjwa. Ukishasema "ni hali ya hewa" umeacha kutafuta. Njo maana tunaichukia hiyo sentensi ya baridi.

Tuanze na esanse, maana hapo njo kwenye shida kubwa, na hapo njo watu hawapendi tuguse.

Wengi wetu tunanunua kwa ba kadhafi, kwenye chupa na vidumu vya kando ya barabara. Hatuwalaumu. Kwenye vijiji vingi hakuna stasio, na bila kadhafi hakuna safari. Lakini esanse inapopita mikono minne kabla ya kufika kwenye tanki lako, kuko nafasi nne za kuongezewa kitu. Kitu hicho mara nyingi ni petroli ya taa. Na petroli ina tabia moja ambayo inadanganya kabisa: haitoi mvuke kwa urahisi ikiwa baridi, lakini motere ikishapata moto inaungua nayo, ingawa kwa moshi na kwa nguvu kidogo. Sasa tazama jinsi inavyofanana na ile hadithi ya baridi! Asubuhi inakatala, saa tatu inakubali, mchana inatembea. Dereva analaumu umande, kumbe amebeba taa ya bibi kwenye tanki.

Namna ya kujua ni nyepesi. Chukua karatasi nyeupe, dondosha tone la esanse, ngoja. Esanse safi inakauka haraka na inaacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Ikiwa imechanganywa na petroli, alama ya mafuta inabaki pale. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, kwa heshima, bila ugomvi. Mtu akijua kwamba koperative fulani inapima, atawapelekea wengine ile mbaya. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo soko lilivyo.

Kitu cha pili kwenye esanse ni maji. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini. Yanaingia kwa kidumu kilichooshwa haraka, kwa kifuniko cha tanki kisichofunga, na pia kwa usiku wenyewe: tanki likilala nusu tupu, hewa yenye unyevu iliyo ndani inapoa na kutoa jasho kwenye chuma, sawa na chupa inavyotoa jasho. Tone kwa tone, wiki kwa wiki, linafika kwenye karburateri. Hapa dawa ni mbili: jaza tanki jioni, si asubuhi, na mara moja kwa juma fungua ile skrubu ndogo chini ya bakuli ya karburateri, toa esanse kidogo kwenye chupa ya plastiki inayoonekana ndani, uangalie kama kuko tabaka mbili. Ukiona kama lulu zinazunguka chini, hayo ni maji.

Mtambo ukikatala mbele ya vidumu vya maziwa, tunaomba mtu mmoja tu aushike. Mmoja! Tumeona mara nyingi watu watano kila mmoja na dawa yake: huyu anavuta starteri, yule anairudisha, wa tatu anafungua robine, wa nne anafunga. Hata kwenye shamba, ukitia mbolea, dawa na maji siku moja, hutajua kipi kilichoponya. Gusa kitu kimoja, jaribu, kisha kingine.

Anza na vile vya aibu: ufunguo umefunguliwa? Kile kitufe chekundu cha kuzima kwenye mkono wa kulia kiko wapi? Watoto wanapenda sana kukigusa trisikili ikiwa imesimama uani. Robine ya esanse iko wazi? Trisikili zimewahi kusukumwa kilomita nzima hadi kwa fundi, na fundi akaweka kidole kwenye kitufe, akapokea pesa yake kwa uso wa mtu aliyefanya kazi nzito.

Kisha starteri. Starteri inaongeza esanse mbele ya hewa wakati motere ni baridi, basi. Ivutwe yote, kiki mbili tatu bila kugusa gazi. Ikishika, iache inguruma nusu dakika au zaidi kidogo, halafu uirudishe pole pole. Tunakutana na magonjwa mawili hapa. Kuko starteri ambayo waya wake ulikatika zamani na hakuna aliyeona, kwa hiyo dereva anavuta kitu kisichovuta chochote. Na kuko dereva anayetembea nayo imevutwa kutwa nzima, akidhani inatoa nguvu mlimani. Huyo anakula esanse ya koperative na anajaza bujie masizi. Kesho yake asubuhi atatuambia ni baridi.

Ukisikia harufu kali ya esanse baada ya kiki nyingi, motere imezama. Usiendelee na starteri. Irudishe, fungua gazi yote mpaka mwisho, piga kiki nane au kumi ili hewa ioshe ndani. Ngoja dakika tano, kisha anza upya.

Sasa bujie. Kama tungepewa ruhusa ya kufundisha kila koperative kitu kimoja tu juu ya motere, tungechagua bujie, maana ni kama ulimi wa mgonjwa: ukiutoa, unasoma yaliyo ndani. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni afya. Nyeusi kavu, kama chini ya sufuria, inasema esanse ni nyingi kuliko hewa, au filtri ya hewa imeziba. Nyeusi yenye mafuta ya kuteleza inasema mafuta ya motere yanapanda, na hapo kweli mtafute fundi. Nyeupe sana inasema motere inaungua kwa moto mkali, esanse haitoshi. Ikiwa nyeusi kavu, isafishe kwa brashi ya waya laini, angalia nafasi ile ndogo kati ya ncha mbili, ambayo kwa pikipiki zetu nyingi inakuwa kati ya milimita 0.6 na 0.8, irudishe.

Ukitaka kuona cheche, iunganishe bujie na kofia yake ikiwa nje, iegemeze chuma chake kwenye chuma cha motere, mbali na lile tundu ilikotoka, halafu mtu apige kiki. Cheche ya buluu, yenye sauti, ni nzuri. Ya manjano, dhaifu, inakuja inapotea: badilisha bujie. Kuwe hakuna kidumu karibu wala mtu mwenye sigara. Bei ya bujie haifikii bei ya kuku. Koperative inayokosa bujie moja ya akiba kwenye sanduku, na huku ina kiti cha plastiki cha kila mjumbe wa komite, imepanga mambo yake vibaya.

Kuko jambo ambalo hata mafundi wa mjini hawalifikirii sana. Juu kwetu hewa ni nyepesi. Kwenye mita 2,000, ile hewa inayoingia kwenye motere imepungua karibu sehemu moja kwa tano ukilinganisha na kando ya bahari. Karburateri haijui hilo. Inaendelea kumimina esanse ileile iliyopangiwa kiwandani. Esanse inakuwa nyingi, bujie inakuwa nyeusi, na bujie nyeusi inatoa cheche mbaya alfajiri. Kwa hiyo kama mtambo unaishi mlimani siku zote, mwombe fundi aangalie jigleri, kile kitundu kidogo cha shaba ndani ya karburateri, aweke chenye namba ndogo kidogo. Lakini ikiwa trisikili yenu inashuka mara kwa mara mpaka ziwani na kupanda tena, msibadilishe ovyo. Ile iliyo sawa juu itaunguza motere chini. Bakini na usafi wa bujie na filtri.

Batri na uili tupite haraka. Batri ya risasi inapoteza nguvu kwenye ubaridi. Ikipimwa asubuhi kabla ya kuwasha na kuonyesha volti 12.6 imejaa, ikishuka kwenye 12.2 imebaki karibu nusu tu. Iongezewe maji yaliyotengenezwa kwa batri, si maji ya chemchemi, hata kama chemchemi yenu ni tamu namna gani. Na ikiwa kiki ipo, tumia kiki asubuhi ya kwanza, demareri ipumzike. Upande wa uili, soma namba: ile iliyo mbele ya herufi W inahusu baridi, ndogo ni nyepesi zaidi wakati wa kuwasha. Ule wenye namba 40 peke yake, unaouzwa kwa vipimo sokoni, alfajiri unakuwa mzito kama uji uliolala. Fuata kitabu cha mtambo. Wale wenye Yamaha AG100 za zamani wakumbuke kwamba zile zinakunywa uili wao pamoja na esanse, na uili huo ni wa aina yake. Usimimine chochote kinachofanana.

Kuwasha moto wa kuni chini ya motere ili "kuipasha" tunaukataa kabisa, pamoja na kumimina esanse kwa kifuniko ndani ya mdomo wa karburateri. Ndiyo, wakati mwingine inawaka. Wakati mwingine inawaka pamoja na dereva. Maji ya moto yaliyolowanishwa kwenye kitambaa na kuzungushiwa bomba la kuingizia hewa yanatosha, ikiwa kweli mnataka kupasha kitu.

Hayo yote ni ya mikono. Ugumu uko kwenye pesa na kwenye heshima.

Tunasikia: "Sisi ni wakulima, motere ni kazi ya fundi." Tunajibu kwamba hata sisi tulienda shule kwa ajili ya mimea. Lakini mkulima aliyeweza kujifunza kuchagua mbegu ya viazi kwa kutazama shina hashindwi kusoma rangi ya bujie. Fundi ana kazi yake, na iko kubwa. Kumwita fundi kutoka mjini juu ya kitufe chekundu ni kumlipa kwa kitu ambacho mtoto wa miaka kumi angefanya. Na tukumbuke njia zetu. Mtambo ukizimika katikati ya msitu saa kumi na moja jioni, hakuna anayetaka kulala pale na mzigo wa watu akingoja fundi.

Tunasikia pia: "Shirika lilitupa trisikili, shirika litaitengeneza." Hapa tutasema wazi, hata kama gazeti hili ni la shirika. Mtambo uliopokelewa bila sanduku la vifaa, bila kitabu, bila pesa ya matengenezo iliyotengwa tangu siku ya kwanza, ni deni lililopakwa rangi nzuri. Koperative ina haki ya kusema siku ya kupokea, mbele ya picha na hotuba: tunashukuru, na bujie za akiba ziko wapi? Si utovu wa adabu. Lakini siku ya pili, kuanzia hapo, mtambo ni wa wanachama. Mradi unakwisha, trisikili inabaki.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme trisikili inabeba lita 120 za maziwa kila asubuhi. Maziwa ya moto kutoka kwenye kiwele, bila kupozwa, hayangoji zaidi ya saa chache, na watengeneza fomaji wa Masisi wanajua kwa ulimi maziwa yaliyochelewa, wanayarudisha. Asubuhi mbili kwa mwezi zikipotea, ni lita 240. Zidisheni kwa bei ya kwenu, kisha mlinganishe na bei ya bujie mbili, filtri moja na lita ya uili. Hatuhitaji kuandika jibu. Na tusisahau nani anabeba hasara kwanza: mtambo ukikatala, komite inarudi ofisini, na wamama wanafunga kamba kwenye paji la uso na kushuka mlima na vidumu mgongoni. Chukudu nayo inatolewa, na chukudu, tuiheshimu, haijawahi kuhitaji bujie.

Maoni yetu ni haya, na wanaopinga watuandikie. Kila safari ikatwe kiasi kidogo, kabla pesa haijagawanywa, kiende kwenye sanduku la mtambo ambalo mweka hazina halichanganyi na lingine. Kuwe na kaye moja inayokaa kwenye trisikili: esanse ilinunuliwa wapi, siku gani, bujie ilitolewa lini, ilikuwa rangi gani. Baada ya miezi miwili mtaona wenyewe kwamba asubuhi mbaya zinafuata esanse ya mahali fulani, na hamtasema tena neno baridi. Na wafundishwe watu wawili, siyo mmoja, kwa sababu dereva anayejua peke yake anakuwa mfalme, na siku akikasirika koperative nzima inatembea kwa mguu. Wa pili awe mmoja wa wale wanaoleta maziwa. Tungependa awe mama au binti. Yeye ndiye anayesimama pale saa kumi na mbili, ana sababu ya kutaka iwake.

Hapo kwa kawaida mzee mmoja anainua mkono na kuuliza kama mwanamke atapiga kiki. Mzee wetu, kwa heshima: yule anayepanda mlima na kilo hamsini za viazi mgongoni atapiga kiki.

Mkutano mkuu wa koperative nyingi unaangukia kabla ya kipwa. Wekeni jambo hili kwenye ajenda, mapema, siyo chini kabisa pale kwenye "mengineyo" ambapo watu wamekwisha kusimama. Ulizeni maswali matatu: nani ana ufunguo wa sanduku la vifaa, pesa ya mtambo ni kiasi gani leo, na bujie ya akiba iko wapi. Jibu la swali la tatu liletwe mkononi, lionekane.